Mtangazaji wa Tlawi aliyeita watu kwenye mchezo, wakaja na ng'ombe tisa

Saa mbili asubuhi, Tlawi bado ina ukungu. Perpetua Lohay amepanda juu ya kreti la soda mbele ya ghala kubwa la bati. Ameshika chaki na anaandika ratiba ya mwezi kwenye ubao mweusi. Alhamisi, darasa la uigizaji. Ijumaa, mazungumzo: namna ya kutunza sauti kwa wanakwaya. Jumamosi, ngoma na mchezo wa kuigiza.

Anashuka, anarudi nyuma hatua tatu, anasoma alichoandika. Kisha anamsimamisha mwanamume anayepita akisukuma baiskeli yenye gunia la viazi.

"Habari za asubuhi, baba. Jumamosi kuna nini hapa?"

Mwanamume anautazama ubao. "Ngoma na mchezo wa kuigiza."

"Wanaoigiza ni watu au wanyama?"

"Si watu, mama?" anajibu, akianza kuingiwa na wasiwasi.

"Ni watu. Asante sana. Nenda salama."

Perpetua, mwenye umri wa miaka 47, ni mtunza ukumbi wa kituo cha sanaa cha jamii hapa Tlawi, wilayani Mbulu. Anafagia, anatunza funguo, anapanga mabenchi, na siku za mnada anazunguka na kipaza sauti cha mkono kutangaza maonyesho, madarasa na mazungumzo yanayokuja. Kwa kazi zote hizo analipwa shilingi elfu arobaini kwa mwezi, na nyumbani ana ng'ombe mmoja wa maziwa anayemsaidia pale mshahara unapochelewa.

Tangu mwaka jana, hatangazi jambo lolote bila kumuuliza mtu amesikia nini. Ukimuuliza sababu, anacheka kwanza, halafu anafunika uso kwa kitenge.

"Niliwahi kuita watu waje kwenye mchezo," anasema. "Wakaja na ng'ombe."

Ghala hili Perpetua analijua tangu akiwa msichana. Lilikuwa la chama cha ushirika, na yeye aliajiriwa hapa akiwa na miaka kumi na tisa kushona midomo ya magunia ya mahindi. Biashara huria ilipoingia, wafanyabiashara wakaja na malori yao wakanunua mahindi shambani kwa mkulima. Chama kikakosa mazao, kisha kikakosa wafanyakazi. Siku ya mwisho, mhasibu alimpa ufunguo wa ghala amshikie kwa wiki moja.

"Nilikaa nao miaka minane," anasema. "Hakuna aliyekuja kuuchukua. Nilikuwa nakuja kufagia popo tu."

Mwaka 2003, mwaka mmoja baada ya Mkoa wa Manyara kuanzishwa, mwalimu mstaafu Agatha Tluway aliomba ghala hilo kwa ajili ya kwaya na vijana wa maigizo. Alipouliza ufunguo uko wapi, alielekezwa kwa Perpetua. Perpetua akamwambia ufunguo na yeye vinakuja pamoja, na ndivyo alivyopata kazi.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka mwaka jana, alipotokea mfanyabiashara wa vitunguu aliyetaka kulikodi ghala. Kamati iliyokuwa inasimamia majengo ya zamani ya ushirika ikasema itamtuma afisa utamaduni, Bwana Evarist, aje Jumamosi moja ahesabu watu. Wakizidi mia moja, sanaa ingebaki. Wakipungua, vitunguu vingeingia.

Maonyesho ya kawaida yalikuwa yakileta watu arobaini, na kumi kati yao ni ndugu wa waigizaji.

Mwalimu Agatha alikuwa ameandika mchezo mpya wa kuchekesha kuhusu baba mmoja asiyefanya kazi yoyote nyumbani, akidai kwamba yeye kwa familia ile ni kama dume la mbegu: kazi yake ni kula, kunenepa na kuheshimiwa. Mchezo aliuita *Dume la Mbegu*. Mhusika mkuu alikuwa Onesphory, fundi cherehani mwembamba mwenye watoto saba. Agatha akampa Perpetua karatasi ya tangazo aende nayo mnadani Bashay.

Karatasi haikuwa na kosa. Tatizo lilikuwa betri.

"Nilipofika mnadani nikabonyeza, nikasikia sauti inakohoa," anasimulia Perpetua. "Betri zilikuwa zinakwisha na mimi sina nyingine. Nikasema nipunguze maneno. Nikaangalia neno gani ni refu halina kazi. Nikaona 'mchezo wa kuigiza'. Nikaliondoa."

Kilichobaki kilitangazwa mnada mzima, kwa sauti yake ambayo hata bila betri husikika ng'ambo ya bonde: "Jumamosi saa nane! Dume la mbegu! Tlawi, kwenye ghala la ushirika! Bure!"

Hajawahi kuona watu wakimsogelea namna ile. Kupandishiwa ng'ombe kwa dume zuri ni gharama, na hapa lilikuwa linatolewa bure. Maswali yakaanza, naye akayajibu yote kwa uaminifu.

"Ni wa kizungu?" aliuliza mmoja.

"Hapana, ni Mmbulu kabisa, wa hapa hapa Tlawi."

"Ana nguvu?"

"Amefanya mazoezi miezi miwili."

"Ana watoto?"

"Saba, na wote wazima."

Mzee mmoja wa Kibarbaig, mrefu, amejitanda shuka na kushika fimbo, alisikiliza yote hayo. Ni Mzee Gidahoda, mfugaji wa Hirbadaw, wilayani Hanang, aliyekuwa amekuja kuuza mitamba. Perpetua alimwamkia, "Shikamoo, baba," naye akaitikia, "Marahaba," kisha akauliza swali moja tu.

"Tabia yake ikoje?"

"Nyumbani ni mpole," Perpetua alimjibu. "Ila akiona watu wengi anapata moto."

Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Jumamosi ile, saa nne asubuhi, Perpetua alikuwa anapanga mabenchi aliposikia mlio wa ng'ombe nje ya dirisha. Akadhani ni wa jirani. Akasikia wa pili, halafu wa tatu. Alipotoka aliwakuta ng'ombe watano uani, wamefungwa kwenye nguzo za ukumbi, na wenye nao wamekaa ukutani wakila mahindi ya kuchemsha. Kufikia saa saba ng'ombe walikuwa tisa.

Wa kwanza kumsalimia alikuwa Hilda, mjane kutoka Bashay, aliyekuwa ameshika kamba ya ng'ombe mwekundu. "Mimi nimewahi, dada. Nimeondoka alfajiri," alisema. "Huyu joto limempanda tangu jana jioni. Naomba awe wa kwanza."

"Awe wa kwanza kufanya nini?" aliuliza Perpetua.

Hilda akamwangalia kama mtu anayemwangalia mgonjwa. "Kupandwa."

Hapo ndipo Perpetua alipoelewa. Akarudi ndani, akafunga mlango wa stoo, akakaa juu ya ngoma. Aliwaza kutoroka kupitia dirisha la nyuma, lakini dirisha hilo alikuwa amelipigilia misumari mwenyewe kuzuia popo. Mwalimu Agatha alimkuta humo analia.

"Nilimwambia, mwalimu, nimeua kituo," anasema. "Afisa anakuja saa nane kuhesabu watu, na watu wenyewe watakuwa wananifukuza kwa fimbo."

Agatha, ambaye alikuwa tayari amevaa nguo za kuigizia kama mke wa mhusika mkuu, alisikiliza mpaka mwisho. Akaketi kwenye ngoma ya pili. Perpetua alitegemea kufukuzwa kazi, lakini mwalimu alianza kutikisika mabega kwa kicheko, akacheka mpaka kilemba kikamdondoka.

"Toka ukawaambie ukweli," alisema alipopata pumzi. "Hicho kipaza sauti kiache hapa."

Perpetua akatoka. Bwana Evarist alikuwa ndiyo kwanza anashuka kwenye pikipiki, daftari kwapani. Uani palikuwa na watu wengi kuliko siku yoyote aliyoikumbuka, maana majirani nao walikuwa wamekuja kulitazama hilo dume linalosemwa.

"Ndugu zangu," alisema Perpetua, "dume hakuna. Ni jina la mchezo wa kuigiza. Mimi ndiye niliyetangaza vibaya, na kosa ni langu peke yangu. Mnisamehe."

Hilda akasema, "Nimetembea tangu alfajiri na ng'ombe huyu, unaniambia ni jina?"

Watu wakaanza kupiga kelele. Hapo Mzee Gidahoda, aliyekuwa amesafiri juu ya lori la mizigo kutoka Hirbadaw kuja kuliona dume na ikiwezekana kulinunua, akainua fimbo, wote wakanyamaza.

"Binti," alisema, "mnadani nilikuuliza tabia yake, ukanijibu. Ulikuwa unasema habari za nani?"

Kabla Perpetua hajajibu, Onesphory alitokea mlangoni. Alikuwa amevaa koti kubwa la kuazima, na tumboni amejifunga mto ili aonekane amenenepa.

"Ni mimi, mzee," alisema. "Shikamoo."

Mzee Gidahoda alimzunguka taratibu, akamtazama miguu, akamtazama mgongo, akaubonyeza ule mto kwa ncha ya fimbo.

"Marahaba," alisema hatimaye. "Hana mabega."

Kicheko kilichopasuka hapo, anasema Perpetua, kiliwatisha ng'ombe. Mwalimu Agatha hakungoja kiishe. Aliamuru mchezo uanze pale pale uani, kwa kuwa hakuna aliyekuwa tayari kumwacha ng'ombe wake nje. Watu wakafanya duara, ng'ombe nao ndani ya duara hilo.

Mchezo ulikwenda kama ulivyoandikwa kwa robo saa hivi. Ilipofika pale mke anapochoka na kumwekea mume wake sahani ya majani mabichi, "kwa kuwa wewe ni dume," ng'ombe wa Hilda alinyoosha shingo akayala majani yote. Onesphory akaachwa na sahani tupu. Hakujua afanye nini, akamgeukia Agatha: "Mke wangu, hata chakula changu umempa mwenzangu?"

Mzee Gidahoda alikuwa ameshasahau kwamba ni mchezo, au pengine alikuwa anakumbuka vizuri kuliko wote. Akasimama.

"Mama," alimwambia Agatha, "kwetu dume asiyefanya kazi tunampeleka mnadani. Muuze. Mimi natoa elfu thelathini."

"Elfu ishirini!" akadakia mwingine. "Amekonda!"

"Elfu kumi, na huo mto uondolewe!" alipiga kelele Hilda.

Agatha akaacha maneno aliyoyaandika mwenyewe akawa dalali. Bei ilizidi kushuka. Ilipofika shilingi mia mbili, Onesphory alipiga magoti mbele ya mke wake akaapa kuchota maji, kukata kuni na kuogesha watoto. Wanawake wakataka aape tena, kwa sauti, na ataje ni watoto wangapi atakaowaogesha. Akaapa mara tatu.

Bwana Evarist alikuwa ameketi kwenye benchi akifuta machozi. Aliposhindwa kabisa kuandika, alimpa Perpetua daftari amsaidie kuhesabu.

"Niliandika watu mia moja arobaini na wawili, nikauliza kama na ng'ombe wanaingia," anakumbuka Perpetua. "Akasema, waandike, wamekaa mpaka mwisho."

Kamati ilikiachia kituo ghala kwa miaka miwili, na mfanyabiashara wa vitunguu akapata jengo lingine. Jioni ile ile, mkulima mmoja wa Tlawi mwenye dume halisi, ambaye alikuwa amekuja kucheka tu, alijitolea kulileta. Ng'ombe watatu waliokuwa kwenye joto, akiwemo wa Hilda, walirudi kwao wakiwa wameshapandwa. Miezi tisa baadaye Hilda alipata ndama jike, akampa jina la Mchezo.

"Nilikuwa nimemkasirikia huyu dada," anasema Hilda, aliyefika kituoni wiki hii kuuliza ratiba. "Lakini nyumbani kwangu nilikuwa sijacheka tangu nimzike mume wangu. Nilirudi njia nzima nacheka peke yangu, ng'ombe ananishangaa."

Siku hizi kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, bwana mifugo hutoa mazungumzo saa sita, na mchezo huanza saa nane. Wafugaji wa Hirbadaw huja wachache wachache wakipata usafiri. Mzee Gidahoda amekuja mara nne. Hukaa benchi la mbele, na waigizaji wanasema wanamwogopa kuliko afisa yeyote, kwa sababu asipopenda kitu husimama akasema.

Perpetua naye ana mpango wake. Kwa miaka minne, tangu 2003, ametangaza kila darasa la kituo hiki, lakini hajawahi kuketi katika hata moja, kwa kuwa muda wote huwa mlangoni. Mwezi huu amemwomba jirani yake amshikie mlango siku za Alhamisi, na kwenye orodha ya darasa la uigizaji ameandika jina lake kabla ya wengine wote, juu kabisa.

"Nimemwomba mwalimu anipe nafasi ya mtu bubu," anasema. "Asiyesema hata neno moja. Maneno yangu watu wameshayaona yanavyofanya."

Mwalimu Agatha amekubali, kwa sharti kwamba afanye mazoezi ya kunyamaza. Jumatatu alijaribu kwa mara ya kwanza, kutoka nyumbani kwake mpaka kituoni, mwendo wa nusu saa.

"Nilifika mpaka kisimani bila kusema," anasema. "Pale nikakutana na wanawake wanachota maji, nikaona haifai kupita hivi hivi. Ikabidi nisimame niwaeleze kwamba mimi leo siongei."