Masaba Anamuaga Mama

Kwa miaka mingi Ukasha alishika maiki katika banda la video la Budondo, akitafsiri filamu za Wachina ambao lugha yao hakuijua hata salamu. Hilo halikumzuia. Jambazi wa Kichina alipofungua mdomo, Ukasha alimpa shemeji wa Iganga na ugomvi wa mbuzi, watu wakacheka mpaka mabenchi yakalia. Kanuni yake ilikuwa moja: mdomo ukifunguka kwenye skrini, usiuache mtupu. Banda lilipokufa alihamia Jinja mjini na kompyuta yake, akawa fundi wa kufufua video za arusi zilizoharibika. Kanuni akahama nayo.

Ndiyo aliyoitumia kwa mama Nandutu.

Mama huyu alitoka Namatala, kule Mbale, flashi ikiwa kwenye fundo la kitambaa. Alikuwa mjane wa askari magereza. Kusoma Kiswahili alijifunzia kambini. Masikio yaliondoka na kwinini ya malaria. Mwanawe Masaba, dereva wa jeshi pale Kimaka, alikuwa amekufa kwa ajali, na kwenye simu yake ilibaki video moja tu aliyomo mwenyewe, nayo haifunguki. Mama alieleza kwa sauti kubwa, kama wasemavyo wasiojisikia, kwamba Jumamosi ukoo unakuja kumaliza matanga, na ukoo huo unasema mtoto alimsahau. Alitaka maneno ya Masaba yaandikwe chini ya picha. Ayasome yeye, na wao wayasome.

Ukasha akaijenga faili upya, akiazima mwanzo wa video nyingine nzima, ya barabara tupu, iliyopigwa na simu ileile. Picha ikaja. Sauti nayo ikaja, na hiyo ndiyo iliyomtoa jasho. Akaigawa video sura tatu, kama za kitabu, ili mama abonyeze rimoti na kuruka anapotaka: Masaba anaosha gari, Masaba anakula, na ile ya mwisho, ambapo wenzake wanamuuliza kwa nini hampigii mama yake simu. Masaba akajibu, chapati imejaa mdomoni. Ukasha alisikiliza jibu lile, akavua spika za masikioni, akaenda kunywa chai.

Aliporudi aliizima sauti ya sura ile, ukoo usije ukaisikia, kisha akaandika: "Mwambieni mama nampenda. Kila siku namkumbuka." Sura akaiita Masaba Anamuaga Mama. Hata shehe angelia.

Mama alisoma. Hakulia. Alirudisha nyuma, akatazama tena.

"Wenzake wanacheka nini?"

Ukasha akaandika kwenye skrini kwamba ni furaha tu ya vijana.

"Mwanangu, mimi sisikii, lakini macho ninayo. Masaba hajawahi kunipenda na chapati mdomoni. Andika alichosema."

Ukasha akajitetea kwamba sauti ilikuwa imeharibika. Mama alimtazama tu, kama anavyotazamwa mtu aliyejamba matangani akasingizia kiti. Mwishowe vidole vikaandika, vizito:

"Nimpigie wa nini? Hasikii, analia tu. Tutaongea mbinguni, huko wanagawa masikio mapya."

Mama alisoma mpaka mwisho. Akacheka kidogo, akajifunika uso kwa kile kitambaa na mabega yakatikisika.

Ukasha akanyoosha mkono aifute sura ile kwenye kompyuta. Mama akaushika. Akauliza kama faili moja haiwezi kubeba maandishi mawili. Ukasha akamwandikia kwamba inaweza: ya kwanza yatajitokeza yenyewe, ya pili mpaka uyachague kwa rimoti.

"Basi hayo mazuri yawe ya wageni," alisema. "Haya mengine ni yangu."

Ukasha akaijenga faili tena. Maandishi ya kwanza akayaita Wageni, ya pili akayaita Mama. Jina la sura mama alikataa libadilishwe. Kisha akaonyeshwa kitufe.

Yale ya wageni hakuomba hata kuyajaribu. Alibonyeza yake. Masaba akatafuna, akakataa kupiga simu, akaahidi masikio. Akarudisha nyuma, Masaba akakataa tena. Mteja aliyekuwa akingoja mlangoni akaanza kuguna, na Ukasha akamwashiria anyamaze, asije akamsumbua mama.

"Anacheka vibaya," mama alisema, sauti ikijaa duka zima. "Kama baba yake."

Akabonyeza tena.