Nani Aliinua Mkono

Siku ya kwanza ya kazi nilifika kwa Mchungaji wa Kilosa nikiwa nimevaa viatu vya kuazima, vimenibana vidole mpaka nikawa natembea kama bata. Uhuru ulikuwa bado mpya. Mimi nilikuwa nimetoka chuo cha Biblia, kichwa kimejaa, nikidhani mchungaji ataniuliza habari za manabii. Hakuniuliza hata moja. Alinikabidhi baiskeli isiyo na breki ya nyuma, akanionyesha kipande cha reli kilichoning'inizwa nje ya kanisa, akaniambia, "Hii ndiyo kengele. Gonga mapema, watu wa mashambani wanatoka mbali. Ukichelewa kugonga, usiwalaumu kwa kuchelewa kuja."

Ninyi vijana mnaotoka chuoni sasa mmeniomba nieleze kazi ya mwinjilisti ilivyokuwa zamani. Sawa, nitaeleza, ila msitegemee sifa. Mwinjilisti hakuwa mchungaji. Hakubatiza, wala hakugawa Chakula cha Bwana. Alikaa na mtaa, yaani kile kikundi cha Wakristo wa kijiji kimoja, akawahubiria, akawafundisha watoto wa kipaimara, wale wanaojiandaa kupokea Chakula cha Bwana mara ya kwanza, akawazika wafu, na akasikiliza kesi. Mchungaji alikuwa na mitaa mingi, akipita kwako mara chache, na siku hiyo nyumba yako nzima ilikimbizana na kuku.

Kesi ndizo nitakazozisema zaidi, maana ndizo zinazoninyima raha mpaka leo. Mkristo aliyeiba, aliyezini au aliyepigana aliwekwa chini ya marudi. Maana yake hakupokea Chakula cha Bwana, na ibadani alikaa benchi la nyuma kabisa, peke yake au na wenzake wa aina hiyo. Alibaki huko mpaka siku aliposimama mbele ya watu wote, akakiri, akaombewa. Tuliita kurudi kundini. Mwinjilisti na wazee wawili wa kanisa ndio waliokata shauri, na mchungaji alitia tu muhuri.

Kilosa ya wakati ule ilikuwa na watu wa mkonge na wa reli, kila mtu na kwao. Jumamosi walikunywa, Jumapili walikuja na midomo iliyopasuka. Kesi yangu ya kwanza, ya wawili waliopigana, nilikaa nayo tangu baada ya ibada mpaka jua likageuka, kila mmoja akisema mwenzake ndiye aliyeanza, huyu akiingiza kuku, yule akiingiza marehemu babake. Mchungaji alipita akanikuta nimeshika kichwa.

"Unawauliza nini?" aliniuliza.

"Nawauliza nani alianza, Mchungaji."

"Ndiyo maana. Mtu yeyote duniani atakuambia hakuanza yeye. Wewe uliza nani aliinua mkono. Aliyeinua mkono, benchi la nyuma. Wakiinua wote wawili, wote wawili benchi la nyuma. Bwana wetu alipigwa na hakuinua mkono, basi."

Nikauliza hivyo. Kesi ikaisha kabla uji haujapoa. Nilifurahi kama fundi aliyepewa msumeno mpya, na sikuuweka chini tena. Nilipohamishiwa Tindiga, kwenye matope ya mpunga, niliuchukua. Lumuma pia. Huko kote nilisifiwa kuwa mwinjilisti asiyependelea mtu, hata Mkuu wa Jimbo, aliyewasimamia wachungaji wetu wote, alipata habari zangu. Nami nilizipenda hizo sifa, sitaki kudanganya.

Baada ya Azimio la Arusha, watu walipoanza kukusanywa vijijini, nilipelekwa Mikumi. Kijiji kilikuwa kimepangwa mistari mistari, nyumba mpya za miti zinanuka udongo mbichi, na hifadhi iko pale pale jirani. Tembo walikuwa wakija shambani wanavyotaka. Waumini wangu walikuwa wakulima, vibarua wa barabara, na askari wa wanyamapori wachache. Mmoja wa hao askari aliitwa Eliya, mtu mpole, mwimbaji wa sauti ya nne.

Kulikuwa pia na mjane, Mama Sofia. Mumewe alifariki kabla hawajamaliza kuezeka nyumba. Shemeji yake, Daudi, ambaye naye alikuwa muumini wetu, alitaka kumrithi, yaani amchukue awe mke wake kama walivyofanya wazee wake. Mama Sofia alikataa. Na alikataa kwa sababu sisi wenyewe tulikuwa tumemfundisha: kanisa halikubali mjane arithiwe kama jembe. Mimi ndiye niliyehubiri jambo hilo, kwa mdomo huu.

Asubuhi moja Daudi alinijia mkono wake umefungwa kwa kanga shingoni. Mfupa ulikuwa umevunjika. Alisema Mama Sofia amempiga kwa mchi. Nikawaita wazee wawili, tukamwita na mama, tukakaa kanisani.

"Mama Sofia," nikauliza, "uliinua mkono?"

"Niliinua, mwinjilisti. Nilikuwa natwanga, akaja akanishika nywele, akanivuta kuniingiza ndani. Mtoto yupo anaona. Nikampiga na mchi niliokuwa nao."

"Daudi, wewe uliinua mkono?"

"Mimi? Sikuinua. Nilimshika tu."

Mzee mmoja wa kanisa alikohoa. Nadhani alitaka kusema kitu, nami nikamtazama kwa jicho la kumnyamazisha. Kanuni ilikuwa imejibu. Mama Sofia akaenda benchi la nyuma, Daudi akaombewa mkono wake upone. Mnaweza kucheka. Mimi siku ile nilikula ugali wangu vizuri na nikalala.

Haukupita muda mrefu, Eliya akakutana na majangili porini. Mmoja alivuta upinde akimlenga, Eliya akafyatua bunduki, mtu yule akafa. Jumapili iliyofuata ilikuwa siku ya mchungaji kuja na Chakula cha Bwana. Tulimshukuru Mungu kwa kumlinda Eliya, mchungaji akampa mkono mbele ya watu, na Eliya akapiga magoti mezani pamoja na wengine. Alikuwa analia, maskini. Hakuna aliyemuuliza analilia nini.

Mchungaji alipotoka nje kuagana na wageni, mimi nikabaki kutoa matangazo. Hapo Mama Sofia akasimama kutoka benchi la nyuma. Mwanamke kusimama kanisani bila kuitwa haikuwa kawaida, na mtu wa marudi ndiyo kabisa.

"Naomba kuuliza, mwinjilisti. Eliya aliinua mkono, au hakuinua?"

"Ile ilikuwa kazi ya serikali," nikamjibu.

"Aliyemlenga alitaka kumuua, naye akajiokoa. Sikatai. Namshukuru Mungu yuko hai. Mimi nauliza, aliyetaka kuniharibu mimi mbele ya mwanangu, nilitakiwa nimfanyeje?"

Na mwinjilisti asiye na jibu ana njia moja tu, nanyi mtaijua kama hamjaijua bado. Nilianzisha wimbo. Nilianzisha kwa sauti kubwa, kwaya ikadakia, ngoma ikaingia, na yule mama akabaki amesimama mdomo wazi mpaka akakaa. Nimefanya mambo mengi katika kazi hii, lakini nikikumbuka ule wimbo natamani ardhi inimeze. Mpaka leo ukiimbwa natoka nje nikijifanya nina kikohozi.

Nilimpelekea swali lile Mkuu wa Jimbo alipokuja kukagua mtaa. Alikuwa msomi, mwenye miwani, anayesema polepole. Alinieleza kwamba Petro alipochomoa upanga bustanini aliambiwa aurudishe, na kwamba upanga amepewa mwenye mamlaka ili azuie uovu. "Askari ana upanga wa serikali," alisema. "Yule mama ana Bwana." Nikaliona jibu zuri sana, nikalirudia kwenye mahubiri. Hatukujiuliza, yeye wala mimi, pale uani, asubuhi ile, serikali ilikuwa wapi.

Mama Sofia alikaa benchi la nyuma tangu mvua za kupandia mpaka mahindi yalipobeba. Alikataa kukiri. Alisema hawezi kumwambia Mungu amejuta wakati hajajuta, huo ungekuwa uongo mwingine. Lakini binti yake, Sofia, alifika kipaimara, na kwa desturi yetu mzazi aliye chini ya marudi hakusimama na mtoto wake siku hiyo. Binti angesimama peke yake kama yatima. Basi mama akaja kwangu, hakukaa hata kwenye kiti.

"Nifundishe maneno ya kusema," alisema.

Nikamtungia. Jumapili ile akasimama mbele, mimi nikitamka, yeye akifuatisha: nimetenda dhambi, naomba msamaha, sitainua mkono tena juu ya mtu yeyote. Kwenye "yeyote" alisita. Akanitazama. Nikarudia neno lile kwa sauti zaidi, naye akalisema. Akina mama wakapiga vigelegele, na wiki iliyofuata alisimama nyuma ya binti yake aliyevaa gauni jeupe. Niliandika moyoni kwamba kanuni imeshinda.

Daudi naye alikuwa amesikia yale maneno, alikuwa ameketi mstari wa tatu. Mkono ulikuwa umepona. Wakati wa kuvuna alimfuata Mama Sofia shambani, mchana kweupe, akamwambia sasa hata kanisa limeonyesha mkosaji ni nani. Yaliyofuata niliambiwa na majirani waliokuwa shamba la pili. Mama Sofia alikuwa na jembe. Walimwona akiliinamia na kuliweka chini, akafumbata mikono. Daudi akampiga kwa fimbo mpaka majirani walipofika na kumkamata. Balozi wa nyumba kumi alimpeleka polisi, akafungwa, na sisi tukamtenga na kanisa upesi upesi, tukijionyesha kuwa tuna ukali.

Mimi nilipanda lori la mizigo kwenda hospitali ya Kilosa kumwona. Uso ulikuwa umevimba, jicho la kushoto limefunikwa na bandeji. Daktari alikuwa ameshaniambia mlangoni kwamba hilo halitaona tena. Nilikaribia kitanda, nikasema pole. Alinitambua kwa sauti.

"Sikuinua, mwinjilisti," aliniambia. "Waulize watu. Sikuinua."

Alikuwa ananipa taarifa, kama kibarua anayemwambia msimamizi kwamba kazi imekwisha.

Nilifanya kazi miaka mingi baada ya hapo. Kanuni niliiacha. Waliokuja na kesi niliwauliza nani alianza, na nani angeweza kukimbia, na nani hakuwa na pa kukimbilia, na kama ni siku nzima basi ni siku nzima. Wachungaji vijana walisema nimezeeka, nachelewesha mashauri. Kama mtaniuliza leo Mkristo ana ruhusa ya kujitetea kwa mchi au hana, nitawaambia sijui vizuri. Nimesoma, nimeomba, na bado naona yule aliyesema tugeuze shavu la pili alimaanisha alichosema. Ninachokijua ni kidogo. Shavu la pili tulilihubiri kwa mjane ambaye la kwanza lilikuwa limeshavimba, na kwa mwenye bunduki tukahubiri shukrani. Tulichagua mtu wa kumfundisha uvumilivu, na tulimchagua kwa sababu hakuwa na nguvu ya kutukatalia.

Nilistaafu, nikajenga hapa hapa Mikumi. Mwaka jana nilikwenda nyumbani kwa Mama Sofia kumwomba msamaha. Sasa ni bibi, ana wajukuu. Alinikaribisha, akanipa kigoda, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Nimekusikia," alisema. "Lakini mimi sikukiri uani, mwinjilisti. Ulinisimamisha kanisani. Na wewe kakiri kanisani."

Nikasema ni haki kabisa. Nikazungumza na mchungaji wetu wa sasa, kijana mzuri, nikamwomba nafasi Jumapili niseme neno. Akafurahi sana. Akawatangazia watu kwamba mzee wetu, nguzo ya usharika, atatusalimu. Nikasimama mbele. Nilimwona Mama Sofia upande wa akina mama, ameinua uso, jicho lake moja limenikazia. Nikafungua mdomo nikasema Bwana asifiwe. Wakaitikia. Kisha nikaanza kusimulia habari za zamani, jinsi tulivyovuka mito kwa miguu, jinsi tembo walivyokula mahindi yetu. Watu wakacheka. Nikaona wanacheka, nikaongeza nyingine. Nikamaliza kwa kuwaombea vijana, wakapiga makofi, nikakaa.

Mlangoni Mama Sofia alinisubiri, akaniamkia kama siku zote.

"Shikamoo, mwinjilisti."

"Marahaba."

"Umezungumza vizuri," alisema, akaufunga vizuri mtandio wake. "Jumapili ijayo pia nitakuwepo."