Idi Mbili, Sare Moja

Saa tano asubuhi, Idi ya kuchinja imebaki wiki tatu, na kibanda cha Maguette Gueye nyuma ya soko la mji wa Thies hakina hata pa kuweka kisigino. Nje kondoo wanalia. Ndani wanalia wenye nguo.

"Maguette, uliniambia Jumapili!"

"Sikusema Jumapili ipi," anajibu, macho hayatoki kwenye cherehani.

Wanamlaani kidogo, wanacheka, wanakaa kusubiri. Hakuna anayeondoka. Hapa Thies, afadhali uonekane unakula mchana wa Ramadhani kuliko kwenda Idi na nguo ya mwaka jana.

Maguette, mwenye miaka hamsini na miwili, ni fundi wa kutarizi mabubu. Vazi hilo pana linaitwa bubu, lakini halijawahi kunyamaza. Litakuambia mume wa mtu anapata nini, chama chake ni kipi, na jirani yake anamwonea wivu kiasi gani.

Kazi alifundishwa na mjomba wake, enzi ambazo cherehani ya kutarizi ilikuwa ya wanaume. "Walisema mwanamke akishika tepu ya kupimia atatangaza siri za watu," anakumbuka. "Siri ninazo. Viuno vya mji huu wote ninavijua. Lakini nani ataniletea nguo nikivitaja?"

Mumewe alipofariki, cherehani hiyo ndiyo iliyowalea watoto wanne. Kwa bubu moja la tarizi nzito hutoza faranga elfu thelathini. "Kelele za mteja ni bure," anasema.

Ramadhani iliyopita nusura vyote hivyo vimponyoke.

Wanawake wawili walimletea kazi. Wa kwanza ni Hajati Oumy Seck, mke wa meya wa mtaa. Wa pili ni Soda Mbengue, mwenyekiti wa akina mama wa chama cha upinzani. Tangu uchaguzi walikuwa hawasalimiani. Wakikutana sokoni, kila mmoja anaanza kuwachunguza samaki.

Kila mmoja alileta kitambaa cha zambarau. Kila mmoja alikuwa ameapiwa na muuzaji kwamba hakuna kingine kama hicho nchini. Hajati alitaka mkia wa tausi shingoni. Soda alitaka maua.

"Jua kali, nimefunga, wateja wananipigia kelele, na vitambaa vyenyewe ni pacha," anasema Maguette. "Nilipozinduka, tausi wawili wananitazama."

Kufumua kusingewezekana, maana sindano ikitoka huacha matundu. Mzee Talla, anayepiga pasi pale kibandani, alitazama nguo moja, akatazama ya pili.

"Maguette," akamwambia, "umeunda serikali ya umoja wa kitaifa."

Maguette hakucheka. Thies, wanawake wakivaa nguo moja maana yake wako chama kimoja, na chama ndicho kilichonunua. Wale wawili wangekutana safu ya mbele kwenye swala ya Idi. Watu wangesema Soda kanunuliwa na meya, na aliyemuuza ni fundi. Nani angempelekea kitambaa tena?

Jumanne magharibi, mji mzima ulitoka kutafuta mwezi. Redio ikatangaza kwamba umeonekana, kesho ni Idi. Haikupita saa, shehe wa upande wa kina Hajati akasema wao hawajauona, kesho ni kufunga.

Meya, mtu wa serikali, akafuata redio. Mkewe akafuata shehe wa baba yake. Asubuhi yake meya alikula uji wa Idi jikoni, mlango kaufunga, kama mtoto aliyeiba sukari.

Maguette yeye aliangukia mswala. "Wenzangu walilia kwamba Waislamu tumegawanyika," anasema. "Mimi nililia pia, ila machozi yangu yalikuwa ya kushukuru: tausi wangu hawatakutana. Mungu anisamehe."

Soda alitaka maua, lakini usiku wa Idi hakuna wa kubadilisha; aliswali Jumatano, tausi shingoni. Haikufika adhuhuri picha yake ilikuwa kwenye kila simu ya Thies. Alasiri Hajati akaja kuchukua nguo yake, amefunga, midomo imemkauka, simu iko mkononi.

"Maguette Gueye."

"Labeka, Hajati."

"Huyu tausi wa Soda na huyu wangu, ni ndugu?"

"Baba mmoja, mama mmoja, Hajati."

Mzee Talla akaanza kuitafuta pasi aliyokuwa ameishika.

Kilichomwokoa Maguette ni jina lake la ukoo. Seck na Gueye ni watani tangu enzi za mababu. Mtani hukutukana atakavyo, nawe ukikasirika aibu ni yako. Sheria hiyo haijawahi kupingwa na chama chochote.

"Ungekuwa Fall au Sarr, leo ungelala umefunga kibanda," Hajati akasema. "Lakini wewe Gueye. Nyinyi watumwa wetu, tangu lini mkajua kuhesabu mpaka mbili?"

"Tunajua, bibi yangu. Tulijifunza kwa kuhesabu sahani mnazolamba nyinyi kina Seck kwenye misiba ya watu."

Kibanda kikalipuka kwa kicheko. Hajati naye akajishika mbavu. "Niache, we mwanamke, nimefunga! Usinimalize nguvu."

Akaivaa nguo, akajigeuza. Ilikuwa imemkaa vizuri mno, jambo lililomuumiza zaidi. "Nikiivaa, watasema tumemnunua Soda," akasema. "Nisipoivaa, watasema Soda kanivua nguo."

"Basi nenda nayo kwake," Maguette akamwambia. "Kesho ndiyo Idi yako, siku ya kuombana radhi."

"Kwa Soda? Mimi?"

"Nikuazime miguu?"

Alhamisi, baada ya swala, Hajati akatoka na bakuli la uji wa mtama na maziwa ya mgando. Maguette alimfuata nyuma. Soda akafungua mlango. Akamtazama tausi, akamtazama mwenye tausi, kisha akarudi ndani.

"Nikajua kafuata mwiko wa kutuchapa nao," anasema Maguette.

Soda alitoka amevaa bubu lake.

"Kwenye kura mlitushinda," akamwambia Hajati. "Kwenye Idi tumetoka sare. Nisamehe niliyokukosea."

"Nami unisamehe, dada yangu."

Uji ukaliwa bakuli moja. Maguette alipewa kijiko, na anasema hajawahi kula chakula kitamu kama kile, ingawa yeye alishamaliza kufunga tangu siku iliyotangulia.

Hakuna aliyehama chama. Siku chache baadaye Soda alimbana meya kikaoni kuhusu mitaro ya soko hadi meya akaomba maji. Lakini jioni yake mke wa meya alimpelekea Soda samaki.

"Namshukuru Mungu aliyenifanya Gueye," anasema Maguette. "Nawashukuru wale wawili, wangetaka wangenimaliza. Namshukuru hata Talla, na mdomo wake ule."

Kazi iliyo mezani leo ni ya wanawake wale wale. Wameagiza sare ya Idi ya kuchinja kwa akina mama arobaini wanaofagia soko, nusu wa chama hiki, nusu wa kile. Akiimaliza, Maguette anapanga kupanua kibanda na kuajiri wajane wawili, mmoja kutoka kila upande, awafundishe kutarizi kama alivyofundishwa.

"Ninachoomba ni kimoja tu," anasema. "Wasinuniane kabla sijamaliza."

Na wakinuniana?

Anavuta uzi, anaukata kwa meno.

"Basi Mungu aulete tena mwezi wa kugombania."