Pikipiki Iliyotiwa Sifa

Mimi ni dobi wa hoteli, na dobi huwajua watu kwa upande wao mchafu. Kwa miaka kumi na tisa nimefua mashuka ya wageni pale Diani, nimetoa madoa ambayo sitayataja hapa, na sikuwahi kutapika. Nilitapika mara moja tu, nyumbani kwangu Ukunda, kwa sababu ya pikipiki ya Ndolo.

Ndolo ni jirani yangu, mlango kwa mlango, ua mmoja, bomba moja. Ni Mkamba wa Lukore, kule kwenye skimu ya makazi ambako baba yake, Mzee Maweu, alihamia zamani kutoka bara. Pale hotelini yeye hutunza jenereta. Ni mtu mpole, hanywi, hapigi kelele, na ukimsalimu husimama kabisa ndipo akakuitikia. Ila ana ugonjwa mmoja, nao ni pikipiki. Wakija wale wa pikipiki kubwa kutoka Mombasa, na mabegi yao ya ngozi pande mbili, Ndolo huacha jenereta na kutoka mpaka barabarani kuwatazama hadi wapotee.

Yake ilikuwa Honda ya mwaka sabini na nane, ambayo baba yake aliiendesha miaka ishirini akichanja ng'ombe wa skimu nzima. Ilipokufa ilitupwa kwenye banda la kuku. Ndolo aliileta Ukunda miaka minne iliyopita kwa pikapu, mavi ya kuku juu yake yana unene wa kidole, akaanza kuyakwangua mbele ya mlango wangu siku ya Idi. Nilimwambia hana adabu. Akaniomba radhi, kisha akaendelea kukwangua.

Tangu hapo sikupata raha. Ukienda bombani unakanyaga grisi. Kamba yangu ya nguo ikaanikwa cheni. Asubuhi moja niliamka kuteleka chai, nikaikuta sufuria yangu iko motoni tayari, na ndani yake kabureta inachemka kwenye maji ya ndimu, maji yamekuwa ya kijani na yana povu. "Ndimu inatoa uchafu wote," Ndolo akaniambia kwa fahari. Sufuria ile niliitupa jalalani, na kwa wiki nzima kila chai niliyokunywa popote niliinusa kwanza.

Ningegombana naye tukakosana kabisa, lakini nilijua anachokitafuta. Mzee Maweu alikuwa amepofuka, presha ya macho, na kila Jumapili alimpigia mwanawe simu kuulizia pikipiki. Alitaka kuikalia tena ikiwa hai, mara moja tu, kabla hajaiaga dunia. Hakutaka kitu kingine kwa mtu yeyote. Mwanawe alikuwa hana jambo jingine la kumpa.

Mwaka huu ikawaka. Ekzosi ya zamani ilikuwa imeoza, kwa hiyo akaifunga ya boda boda, ikawa inalia sawasawa na boda boda yoyote ya stendi. Fremu akaipiga msasa mpaka chuma kikawa cheupe, akawa anangoja rangi iliyoagizwa Mombasa. Hapo ndipo alipoingiwa na hofu ya chumvi, maana huku kwetu upepo wa bahari hula hata bawaba za mlango. Nikampeleka Gazi kwa mjomba wangu, fundi wa mashua. Mjomba alikuwa akitafuna tumbaku na kutema karibu na viatu vyetu. Akaitazama picha kwenye simu, akatema, akasema, "Itie sifa. Chombo kisichotiwa sifa huliwa na chumvi. Tena usiitie mara moja ukaacha." Adhana ikaadhiniwa, nikaenda kuswali, nikawaacha hapo. Kosa langu lilikuwa hilo.

Kwa sababu kwetu sisi watu wa pwani, sifa ni mafuta ya maini ya papa, yaliyoachwa juani ndani ya pipa mpaka yakaoza, tunayopaka mashua zisinywe maji. Kwa Ndolo, mtu wa kanisa, sifa ni sifa. Jumapili ile aliisukuma pikipiki mpaka kanisani. Everline, anayeongoza kwaya, akaiimbia mapambio matatu, na mchungaji akaiwekea mikono. Wakafanya hivyo Jumapili tatu mfululizo, chuma kikiwa uchi.

Nilipoiona imevaa kutu kila mahali, nilimuuliza, "Kwani hukuitia sifa?"

"Nimeitia," akasema. "Kwaya nzima imeitia."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nilipomweleza sifa ni nini hakukasirika, hata hakutabasamu. Alikwenda Gazi jioni ile ile akarudi na dumu la lita tano.

Mtu anayejua hupaka kidogo, kwa kitambaa. Ndolo alipaka kwa mikono miwili: fremu, rimu, springi, hata kiti cha ngozi kikanyweshwa. Na harufu ya sifa si harufu ya samaki. Samaki ni chakula. Sifa ni kitu kilichokufa, kikaoza, kisha jua likakipika, na ukiivuta puani inashuka kooni na unaimeza pamoja na mate. Kesho yake nzi wa kijani walikuwa wamefunika kiti kizima, na paka wa mtaa walikuwa wakilamba rimu. Nilifungua mlango, nikatapika juu ya ndala zangu mwenyewe.

Rangi ya Mombasa ilipofika haikushika. Ilijikunja juu ya mafuta yale ikadondoka vipande vipande. Nikaleta sabuni ya hotelini, ile kali tunayotolea damu kwenye mashuka, nikaisugua pikipiki siku mbili nimejifunga leso puani. Kilichotoka ni ngozi ya vidole vyangu. Dobi mzima, nikashindwa na maini ya papa.

Alhamisi mama yake Ndolo akapiga simu. Mzee hali chakula tena, akasema, na miguu imevimba. Kama wana jambo lao la pikipiki, wasilisogeze mpaka wiki ijayo.

Tukaondoka Jumamosi kwenda Lukore kwa pikipiki ile ile, mimi nikiwa nyuma. "Nikifika sitasema neno," Ndolo aliniambia. "Nataka injini imsalimu kwanza. Na wewe usiongee, tafadhali." Mama yake naye alishaambiwa asimdokeze mzee lolote. Tukapita Gazi. Msambweni tukasimama kutia mafuta, na pale kituoni walikuwepo wale wa pikipiki kubwa. Mmoja wao aliiona Honda ya zamani akaja anatabasamu, mkono ameshaunyoosha. Alipobakisha hatua tatu tabasamu likamtoka, akageuka anakohoa, na wenzake wakaangua kicheko. Ndolo hakuona, au alijitia haoni. Nilimchukia yule mtu, ingawa kila asubuhi mimi mwenyewe nilikuwa nikifanya vivyo hivyo.

Tukakata kulia, tukaanza kupanda njia ya vumbi. Vumbi jekundu likanata kwenye sifa, likanata kwenye suruali zetu, na kila tulipopunguza mwendo nzi walitufikia. Ndolo alikuwa akiimba pambio. Nilitamani kumwambia anyamaze, lakini ningefungua mdomo, na hewa ile sikutaka iingie mdomoni.

Mzee Maweu alikuwa amekalishwa mbele ya nyumba, shati limepigwa pasi, koti juu yake. Ndolo aliingia uani polepole, akasimama hatua mbili mbele ya baba yake, akaiacha injini ikinguruma. Mzee akainua uso. Akasikiliza. Kisha pua zikamtanuka, uso wote ukakunjamana, akajiziba kwa mkono wa koti.

"Mama Ndolo," akaita, "mwambie huyo muuza papa leo hatuna haja. Na aitoe boda boda yake hapa, inanitia kichefuchefu."

Huko muuza papa hupanda kila Jumamosi, kwa boda boda, kreti nyuma. Mzee hakukosea kitu. Alisikia boda boda, akanusa papa.

Nilimtazama Ndolo. Neno moja lingetosha, jina lake tu. Mama yake alifungua mdomo, Ndolo akamtikisia kichwa. Akazima injini, akaisukuma pikipiki nje ya ua, akaipeleka mpaka nyuma ya mahindi, ameinama kama mchuuzi aliyefukuzwa. Nilichukizwa na kila kitu wakati ule: mafuta yale, mjomba na mate yake, na zaidi kile kicheko changu cha Ukunda.

Alirudi kwa miguu. Akanawa kwenye pipa kwa majivu, akanawa tena kwa sabuni, akavua shati na suruali akavaa za baba yake zilizokuwa kwenye kamba; mimi nikanawa vilevile, nikasimama mbali. Ndipo akaenda akapiga goti mbele ya kiti.

"Shikamoo, baba."

Mzee akautafuta mkono wake, akaushika. "Marahaba. Ndolo! Umekuja na nini?"

"Nimekuja na matatu. Niko na Chande, yule jirani yangu."

"Karibuni. Na pikipiki yangu je, imewaka?"

Ndolo alinitazama mimi.

"Bado, baba," akasema.

Mzee akampapasa kichwa kwa kiganja, taratibu, kama anayemtuliza mtoto.

"Usijali," akasema. "Mimi nitangoja."