Wanaoafiki Wasimame

Kila siku ya kikao, mama mmoja diwani huingia kwa mlango wa nyuma usio na ngazi, kiti chake cha magurudumu kikiteleza kama kinaelea. Hujifuta viganja kwa leso, kisha huutazama mwanga wa dirishani, kope zikilegea, utadhani yumo ndotoni. Siku ya hoja yake ya kutaka njia za mteremko katika majengo yote ya umma, mwenyekiti alisema kwa mazoea, "Wanaoafiki wasimame!" Wenzake wakainuka. Yeye akainua mkono.

"Mama, na wewe umo?" karani akauliza.

"Nimo, mwanangu. Tuhesabu na sisi tuliokaa."

Jirani yake akakohoa, akaketi, akanyoosha mkono. Mmoja mmoja wakaketi, mikono juu, naye akaziona nyuso zao zote bila kuinua shingo.