Ghita wa Juu, Tiziri wa Chini

Ijumaa, saa nne asubuhi, kama kila Ijumaa, maji yanadondoka kutoka darini na kutua juu ya godoro la mzee Bassou, hapa Meknes, Moroko. Binti yake, fundi bomba, amesimama juu ya ngazi akipapasa bomba kwa vidole.

“Kavu,” anasema. “Bomba hili zima, baba.”

“Basi mama yako ndiye anayevuja!”

Mama huyo, Bi Zhor, anaishi ghorofa ya juu. Waliachana miaka kumi na mitano iliyopita, mzee akahamia chini, “ili mtoto asihangaike na teksi.” Mzee ni Mwamazighi wa milima ya Azrou, mtalaka wake ni mtu wa Fes. Kila mmoja alimpa binti jina la kwao: juu huitwa Ghita, chini Tiziri.

“Nikisikia majina yote mawili kwa mpigo, najua nimekwisha,” anacheka.

Kazi kama hii humpa dirhamu mia mbili. Kwa wazazi hulipwa chai na lawama. Lakini wiki hii mwenye nyumba ameonya: maji yasipokoma, wote wawili wahame.

Anapanda juu. Anamkuta mama yake amekunja gauni, anamwaga ndoo ya maji sakafuni kama anayezima moto.

“Mama! Kumbe ni wewe?”

“Nadeki. Usafi umekuwa dhambi?”

“Mbona Ijumaa tu?”

Chini, tari la mzee linaanza tena kulia. Bi Zhor ananyoosha kidole sakafuni.

“Unamsikia? Kila nikibandika kuskusi ya Ijumaa, mbuzi wa milimani huyo anaanza! Nimwambieje, na mimi sisemi naye?”

Binti anawaita wote ngazini. Wanakuja, kila mmoja akitazama ukuta wake.

“Ghita, mwambie baba yako apige tari lake alasiri.”

“Tiziri, mwambie mama yako alasiri nalala. Kama godoro limekauka!”

Bi Zhor anafikiri kidogo. “Mwambie mkono uliojaa kuskusi haupigi tari. Nitamteremshia sahani.”

Mzee anakohoa.

“Muulize, ina zabibu? Watu wa Fes hutia utamu hata kwenye nyama.”

“Mwambie inazo. Hataki, atoe mwenyewe.”

Mchana dari ni kavu. Mzee amezitenga zabibu zote pembeni ya sahani, kisha akazila mwishoni, moja moja.

Fundi anapanga kufungua duka la vifaa vya mabomba. Ila dua yake kubwa ni nyingine.

“Siku moja wagombane wenyewe kwa wenyewe,” anasema akikunja ngazi, “mimi nisikie habari kwa majirani.”