Mikrobe za Mbinguni

Hapa Bukavu neno mikrobe lina maana moja tu: ugonjwa. Mtoto akiokota andazi lililoanguka, anaambiwa litupwe, lina mikrobe. Mimi nimesomea viumbe hao na kuwafundisha darasani miaka mingi, lakini maana hiyo sikuweza kuibadilisha, na nyumbani kwetu Nguba ndiko nilikoshindwa vibaya zaidi.

Sababu ni mdogo wangu. Kipindupindu kilimchukua upesi: asubuhi alikuwa akinitania, kesho yake tulikuwa makaburini. Tangu hapo mama alichemsha kila tone la maji lililoingia nyumbani, hata maji ya baraka. Padri aliposikia alicheka, kisha akakumbuka msiba wetu na kuomba radhi.

Kwa hiyo nilipochaguliwa kwenda kusoma ng'ambo, nilijua kuwa viza ilikuwa kazi ndogo. Kazi kubwa ilikuwa mama. Nilikuwa nikichunguza maji ya chini kabisa ya Ziwa Kivu, kule kwenye gesi nyingi iliyoyeyuka majini, kusikofika hewa wala mwanga, na bado vijidudu vinaishi na kuzaana. Wanaotafuta uhai kwenye sayari nyingine wanavithamini sana vijidudu vya namna hiyo, maana kama huko kuna kitu hai, chini ya barafu au ndani ya miamba, huenda kinaishi vivyo hivyo. Hao ndio walioniita, nami niliitaka kazi hiyo kwa moyo wangu wote. Lakini kwetu mtu haendi mbali kabla mzazi hajamchorea msalaba kwenye paji la uso, na mimi sikuwa tayari kuwa wa kwanza.

Mama alilipeleka jambo langu kwenye shirika, yaani jumuiya ya majirani wanaosali pamoja kila wiki. Akaomba wamwombee mtoto wake anayekwenda kutafuta mikrobe mbinguni. Mzee mmoja akauliza, kwa huzuni kabisa, kama basi hata kwa Mungu kuna kipindupindu. Nilieleza kwamba ni mbingu ya nyota, si ya watakatifu, lakini maji yalikuwa yameshamwagika. Wakasali rozari nzima ili nisipate kitu. Nilikasirika mno. Nani mwingine ameombewa na majirani zake ashindwe kazi, naye akaitikia amina?

Kesho yake nilimfuata mama jikoni, akichambua maharage. Nilimwambia kwamba vijidudu vinavyoua ni vichache, kwamba bila wenzao pombe yetu ya ndizi, kasiksi, isingechacha wala maziwa yasingeganda. Hakuinua macho. Mwisho nikamwambia lile ninaloliamini kuliko yote: kwamba miti, samaki na watu, sote tulitoka kwa viumbe wadogo kama hao, na kwamba tunatafuta huko juu ili tujue kama tuko peke yetu, au tuna ndugu.

Mkono wake ukasimama juu ya ungo.

"Sasa ile yenye iliua mutoto wangu," akasema, "nayo iko ndugu yetu?"

Niliogopa. Ningeweza kuzungukazunguka kama mwalimu aliyebanwa na swali, lakini yule alikuwa mama yangu, na aliyekufa alikuwa wetu.

"Ndiyo, maman. Nayo."

Hakulia. Aligeuka akatazama mlangoni, nami nikahesabu kwamba safari imekwisha. Kisha akaanza kuniambia habari za kaka yake, aliyebeba silaha wakati wa vita na kufanya mambo ambayo nyumbani hayasemwi, halafu akapotelea katika misitu ya Shabunda. Akasema kwamba mpaka leo, kila mtu anayetoka upande huo, yeye humuuliza kama amemwona. Sikuwahi kujua.

Akaweka ungo chini, akanivuta kichwa, akachora msalaba kwenye paji la uso wangu, kwa nguvu, mpaka nikaumia.

"Enda," akasema. "Ndugu banamutafutaka, ata kama aliua."